Zima flashi kwanza, kamera mpya baadaye

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Kaka, binti yangu anacheza jimnastiki. Picha zangu zote giza na ukungu mtupu. Ninunue kamera gani?"

Swali lake limenikumbusha shindano langu la kwanza. Nilikuwa nimeiachia kamera ijiamulie kila kitu. Mtoto wa miaka kama tisa alikuwa juu ya boriti, mguu mmoja hewani, flashi ikawaka. Boriti ile upana wake ni sentimita 10 tu. Niliona vidole vya mguu vikijikunja kung'ang'ania, mikono ikapepea, akaanguka. Nikatolewa ukumbini mbele ya wazazi kama mwizi. Kosa ni langu, nalikubali. Ila mlangoni hatukuambiwa chochote, na maneno niliyorushiwa siku ile yananiuma mpaka leo.

Nilirudi baada ya miezi kadhaa, nikakaa nyuma kabisa, flashi nimeizima. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, isishuke chini ya 1/500 ya sekunde. Mimi hupiga 1/800. Tundu la lenzi lifunguke f/2.8 au pana zaidi (namba ikipungua, tundu linapanuka), na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, usiiogope: 3200, hata 6400. Chenga, vile vidoadoa kwenye picha, utazipunguza kwenye kompyuta, lakini mtoto aliyetoka kama moshi harekebishiki. Taa za ukumbini nazo hupepesa, picha moja ya manjano, inayofuata kijani. Kamera yako ikiwa na mpangilio wa kuzuia kupepesa, uwashe, na upige RAW, yaani faili ghafi utakalorekebisha rangi baadaye.

Lakini ndugu zangu, hayo yote hayafiki popote kama humjui mtoto anafanya nini. Acha kukimbia kutoka boriti kwenda zulia kwenda vyuma vya kuning'inia. Chagua kifaa kimoja, ukae hapo. Tazama wanapopasha mwili, hesabu hatua kabla ya kuruka. Kila mruko una kilele, pale mwili umemaliza kupanda na haujaanza kushuka. Bonyeza kabla kidogo. Ukisubiri uone kwa macho, umechelewa.

Jumamosi iliyopita nilikaa karibu na boriti kwa muda wa saa tatu nzima, nikapata picha niliyoitafuta miaka sita: miguu imenyooka hewani, chaki imeganda kwenye viganja, kibanio kimoja kinachomoka nywelani, macho yamekazwa kwenye ncha ya boriti. Mama yake aliiangalia kwenye kioo cha kamera, akanishika mkono bila kusema neno.

Na jambo hili silifanyii mzaha: hawa ni watoto, wamevaa nguo za kubana. Picha iliyomkamata vibaya futa palepale, na usiweke ya mtoto wa mwenzio mtandaoni bila ruhusa ya mzazi wake.

Kwa hiyo dada yangu, kamera usinunue bado. Muombe kocha uhudhurie mazoezi wiki hii. Kaa karibu na boriti, kamera mapajani, umtazame binti yako mpaka ujue anaruka baada ya hatua ya ngapi. Kisha niandikie tena.