Mgongo wa mlima, mvua za majira ya joto, na mahali pa kushukia

Ndugu uliyeuliza kama uahirishe safari yako ya kutembea juu ya mgongo wa mlima kwa sababu utabiri unaonyesha mvua kila alasiri, kwa maoni yangu mvua peke yake haitoshi kukuzuia. Kinachopaswa kukuzuia ni ngurumo, au mvua iliyochanganyika na upepo mkali mahali ambapo huna njia ya kushuka. Nimepita njia za namna hiyo kwa misimu kadhaa, na safari moja ilinifundisha kwa njia isiyopendeza.

Tulikuwa wawili. Bondeni kulikuwa na joto la kutosha, kiasi kwamba mwenzangu alivaa fulana ya pamba na koti lake la mvua akalisukumia chini kabisa ya begi. Tulisahau kwamba joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kwamba kule juu hakuna mti wala ukuta wa kuukinga upepo. Ukungu ulitufunika kabla ya saa sita mchana, yakafuata manyunyu ambayo tuliyadharau hadi tukawa tumelowa chapachapa. Baadaye nilimwona akihangaika na zipu ya begi alimoweka mkate. Alijaribu mara tatu, vidole vikakataa kuishika, akaiacha na kusema kwamba hana njaa. Mtu anayetetemeka, ambaye vidole havimtii na ambaye anakataa chakula, mwili wake umeanza kupoteza joto kwa kasi kuliko unavyolizalisha, na hali hiyo humpata mtu hata kwenye nyuzi 10, bila theluji yoyote. Nilimfungulia zipu, nikamsimamia akala, akabadili fulana nyuma ya mwamba na kuvaa ya sufu, ambayo hutunza joto kiasi hata ikilowa. Kisha tukageuka.

Wakati wa kurudi tulipotea. Mgongo wa mlima ukitazamwa kutoka bondeni huonekana kama mstari mmoja, lakini una matawi, na ndani ya ukungu tawi pana hudanganya kuliko njia yenyewe. Simu ilikuwa na ramani, ila kioo chake kilipojaa matone kikawa hakisikii kidole. Dira ndiyo iliyotuambia kwamba tunaelekea mashariki ilhali tulitakiwa kwenda kusini, ikatubidi kupanda tena karibu nusu saa. Tangu hapo, kila mahali ambapo mgongo unagawanyika huandika mwelekeo wake kwa penseli kwenye ramani ya karatasi kabla sijaondoka. Na ukipotea, usishawishike kuteremka kwenye korongo kwa kuwa linaonekana fupi: maji ya mlima mzima hukusanyika humo, na mara nyingi huishia kwenye maporomoko.

Kuhusu radi, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, kwa kuwa sauti husafiri kilomita moja kwa takribani sekunde 3. Zikiwa 30 au pungufu, dhoruba iko ndani ya kilomita 10 na ulipaswa kuwa umeshaanza kushuka. Usirudi juu mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Katika majira ya joto dhoruba nyingi hujijenga mchana, baada ya jua kuipasha ardhi, ndiyo maana mimi huanza kutembea kabla hakujapambazuka, ingawa wenzangu hunung'unika. Kujibanza chini ya mti uliosimama peke yake au kwenye mdomo wa pango dogo si kinga.

Chini ya miguu, ogopa mizizi iliyolowa, mawe yenye utando wa kijani, na zaidi ya vyote majani mabichi kwenye mteremko, ambayo watu huyaona laini na kuyaamini.

Umesema kwamba sehemu ya juu ina kilomita 11 na njia ya kushukia ni moja tu, katikati. Basi panga kufika hapo saa nne asubuhi. Ukikuta anga la mbele ni safi, endelea. Ukiona mawingu yameanza kupanda juu kama minara, shuka, hata kama tone la kwanza halijaanguka.