Kwa nini watu wa Coober Pedy huishi chini ya ardhi

Ndugu, umeuliza kama watu wa Coober Pedy, kule jangwani Australia Kusini, wanaishi chini ya ardhi kwa umaskini. Hapana, ni joto. Kiangazi nje hupita nyuzi 40, lakini ndani ya mwamba hali hubaki kwenye nyuzi 23 hadi 25 mwaka mzima, bila feni wala kiyoyozi.

Mji ulianza 1915, kijana wa miaka 14, Willie Hutchison, alipookota opali, jiwe la thamani, akiwa na baba yake katika msafara wa kutafuta dhahabu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja askari waliorudi kutoka vitani, na wao ndio wanaotajwa kuanzisha makazi ya kuchimbwa mwambani. Jina lenyewe limetokana na maneno ya wenyeji, kupa piti, yaani shimo la mzungu. Wenyeji hao walikuwepo zamani sana kabla ya opali, jambo ambalo wengi husahau kulisema.

Kinachonigusa zaidi ni watu wake. Baada ya Vita ya Pili walimiminika Wagiriki, Waserbia, Wakroatia, Waitaliano, kila mmoja na sururu yake. Waserbia wamechonga kanisa la Kiorthodoksi ndani ya mwamba, na dari lake linapendeza kweli. Kiwanja cha gofu hakina nyasi, kwa hiyo wachezaji hutembea na kipande kidogo cha zulia la nyasi cha kuwekea mpira.