AC inapoza njiani, gari likisimama inapuliza joto

Swali: Habari ya kazi, fundi. Nina Toyota IST, niko Tabora mjini. Nikiwa njiani kwenda Nzega AC inapoza vizuri tu. Nikirudi mjini nikasimama sokoni dakika chache, inapuliza hewa ya vuguvugu. Nikiondoka inapoa tena. Gesi imeshaongezwa mara mbili, na baada ya mara ya pili hali imezidi. Naambiwa ninunue kompresa. Ni kweli?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Usinunue kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) bado, na usikubali kuongezewa gesi hata gramu moja kabla mfumo haujapimwa kwa geji ya presha.

Kondensa, ile inayokaa mbele ya rejeta, ndiyo inayotoa nje joto lililobebwa na gesi. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unaipoza. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Dalili yako inaelekeza huko kwanza.

Egesha kivulini, washa AC kwenye baridi ya mwisho, fungua boneti. Kompresa ikishika, yaani ikianza kufanya kazi, feni ya mbele inatakiwa izunguke. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha badilishana rilei yake (swichi ndogo ya umeme) na nyingine ya namba ileile. Ikigoma bado, zima gari, chomoa soketi ya mota uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mota inayoamka baada ya kugongwa kidogo kwa mpini wa bisibisi imekwisha brashi. Itakuamkia leo na kukuangusha kesho. Mikono iwe mbali, maana feni hujiwasha yenyewe.

Lakini kuzunguka tu hakutoshi. Shika karatasi mbele ya kondensa: feni nzima huivuta ikanata hapo. Ikianguka, mota imechoka au njia ya hewa imeziba. Msimu wa kiangazi Tabora, vumbi na majani makavu hujaa kati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo ukichungulia kwa mbele huoni kitu. Legeza rejeta kidogo, safisha kwa maji ya mpira wa kawaida ukisukuma uchafu kutoka nyuma kuja mbele. Mashine ya presha ya wale wa kuosha magari hulaza vile vijibati vyembamba, na vikilala hewa haipiti tena.

Kipimo ninachokiamini zaidi hakina gharama. Gari likiwa limesimama na AC inapuliza vuguvugu, nyunyizia kondensa maji mfululizo kwa dakika moja au mbili. Hewa ya ndani ikipoa, kompresa yako ni nzima. Tatizo ni kondensa kutopozwa, au gesi kuzidi, au yote mawili. Maji yasiposaidia, lakini ukikanyaga mafuta hadi injini ifike mizunguko 2,000 kwa dakika hewa inapoa, hapo ndipo kompresa ianze kushukiwa.

Geji itathibitisha. Kwa gesi ya R134a, hewa ya nje ikiwa nyuzijoto 30 hivi, upande wa presha ya chini husoma psi (kipimo cha presha) 25 hadi 45 na wa presha ya juu psi 200 hadi 250. Pande zote mbili zikiwa juu: kondensa haipozwi au gesi imezidi. Upande wa chini ukipanda huku wa juu ukishuka: kompresa imechoka. Pande zote zikiwa chini: gesi pungufu. Pima pia injini ikiwa imepoa kabisa na imezimwa. Kwa nyuzijoto 30 hizo R134a husoma takriban psi 97. Ikivuka 130, ndani kuna hewa au gesi nyingine, mathalani R22 ya AC za nyumbani za zamani. Usomaji huu hauonyeshi kiasi cha gesi, kwa hiyo asikuambie mtu "imejaa" kwa kuutazama huo peke yake.

Kwako, baada ya kuongezewa mara mbili bila mizani, gesi itolewe yote kwa mashine ya kuivuta, isiachiwe hewani. Mfumo unyonywe hewa kwa pampu ya vakyumu dakika 30, uachwe dakika 15 kuona kama sindano ya geji inarudi. Ikirudi, panavuja: tafuta maungio yenye mafuta yaliyoshika vumbi, badilisha oringi, yaani vipete vya mpira vya kuzuia kuvuja. Ikitulia, jaza kwa mizani kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari madogo mengi hayafikishi nusu kilo, ndiyo maana gramu 100 za ziada zinatosha kuharibu baridi yote.