Wazee Wetu Waliokufa Kabla ya Kuisikia Injili

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri wa Usambara. Katika mazishi ya shangazi yangu, mwinjilisti alihubiri kwamba wote waliokufa bila kumkiri Kristo wako motoni, wakiwamo wazee wetu waliotangulia kabla ya misheni kufika. Mama yangu alilia mpaka tukamtoa nje, kwa kuwa alimkumbuka babu wa babu yake, ambaye ukoo wetu ungali unawapa watoto jina lake. Je, ndivyo Ukristo unavyofundisha? Na je, ni dhambi mama kumtaja mzee huyo katika sala zake?

JIBU: Amina, dada. Mpe mama pole zangu, na umwambie kwamba hakulia peke yake. Mwaka 1552 mmisionari Francis Xavier aliandika kuwa Wajapani aliowabatiza walitoa machozi kwa ajili ya wazazi na mababu zao, baada ya yeye kuwaambia kwamba waliokwisha kufa hawana msaada wowote. Xavier alisema kile ambacho Wakristo wengi wa Magharibi walikiamini wakati huo. Mtaguso wa Firenze, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1442, ulikuwa umetamka waziwazi kwamba wapagani, wasipoungana na Kanisa kabla ya kufa, wataingia katika moto wa milele.

Hata hivyo, maneno ya kale yaliyotumiwa kuunga mkono fundisho hilo, kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu, yaliandikwa na Askofu Cyprian wa Karthago katika karne ya 3, alipokuwa akiandika juu ya watu waliojitenga na Kanisa huku wakilijua. Mtu ambaye hajawahi kuisikia Injili hakuwa ndiye anayezungumziwa. Kanisa Katoliki lenyewe, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1964, lilifundisha kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na, wakisaidiwa na neema yake, kujitahidi kutenda mapenzi yake kama dhamiri inavyowaonyesha, wanaweza kuupata wokovu wa milele. Waprotestanti hatuna kauli moja. Wapo wanaoshikilia msimamo ule mkali wa zamani, na Waadventista Wasabato hufundisha kwamba wafu wamelala wakisubiri ufufuo, kwa hiyo kwao hakuna aliye motoni leo.

Mimi naliamini Neno la Matendo 4:12, kwamba hapana jina jingine litupasalo kuokolewa kwalo. Lakini neno hilo latuambia ni nani anayeokoa. Halituambii kwamba mkono wake haufiki mahali ambapo mhubiri hajafika. Abrahamu hakulijua jina la Yesu wa Nazareti, wala Ayubu, ambaye hakuwa hata wa uzao wa Israeli, na bado hakuna Mkristo anayethubutu kuwahesabu miongoni mwa waliopotea. Paulo naye, katika Warumi 2, anawataja watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, ambao kazi ya torati imeandikwa mioyoni mwao, na dhamiri zao zinawashitaki au kuwatetea. Kuwatetea, dada! Mwinjilisti wenu alilisahau neno hilo.

Wengine watauliza: kama ni hivyo, kwa nini tuhubiri? Kornelio, yule akida Mrumi wa Matendo 10, anatujibu. Sala na sadaka zake zilikuwa zimefika mbele za Mungu kabla hajahubiriwa Kristo na Petro, na hata hivyo Mungu alimtuma Petro kwake, kwa sababu aliyemwomba Mungu gizani anastahili kumjua kwa jina. Simaanishi kwamba wote wataokolewa. Yesu alionya juu ya hukumu kwa maneno mazito mno. Ila maonyo hayo aliwapa waliokuwa wakimsikiliza, na kuyatumia kumhukumu marehemu ambaye hakupata nafasi hiyo ni kujitwalia kiti ambacho hatukupewa.

Kuhusu sala, mama hatendi dhambi. Luther mwenyewe, katika ungamo lake la mwaka 1528, aliandika kwamba Maandiko hayatuambii lolote juu ya kuwaombea wafu, lakini si dhambi kumwambia Mungu kwa moyo huru kwamba, ikiwa nafsi hii iko katika hali ya kuweza kusaidiwa, uirehemu. Na ukishaomba hivyo mara moja au mbili, inatosha. Mama amtaje mzee wake kwa jina, kisha amwache mikononi mwa Mungu.