Mpaka mmoja na sinagogi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unaniuliza utajuaje kama Mungu yuko nawe huko, maana tangu uanze kusoma Biblia na watu chumbani kwako kila Alhamisi, mabati yamepigwa mawe mara tatu na mwenye nyumba anataka uhame. Nimekuelewa. Lakini mimi nataka kuanza na hicho chumba.

Unaipenda sana ile ya Matendo 18, Bwana akisema na Paulo usiku: "Usiogope, bali nena, wala usinyamaze." Wahubiri wengi hushukia hapo. Kazi yenyewe iko kwenye mstari wa 11: akakaa. Mwaka mmoja na miezi sita. Nilikwambia haya ungali mtoto na narudia: neno ni akakaa.

Isome sura yote taratibu. Paulo anafika Korintho, anapanga kwa Akila na Prisila, waliofukuzwa Rumi na Kaisari Klaudio, na wote watatu wanashona mahema. Basi hakuna awezaye kusema anakula kwa watu. Sinagogi linampinga, anakung'uta mavazi yake, anatoka. Anakwenda wapi? Kwa Tito Yusto, ambaye nyumba yake ilikuwa "mpaka mmoja na sinagogi". Ukuta kwa ukuta! Kisha Krispo, mkuu wa lile sinagogi, anaamini pamoja na nyumba yake. Paulo angehamia kule bandarini Kenkrea, sijui Krispo angemfuata vipi bila mji mzima kumwona. Na angalia: maono ya usiku yalikuja baada ya kuhama, si kabla. Kwa hiyo kuhama si dalili ya kuachwa. Ila kuna kuhama kwa ukuta mmoja, na kuna kukimbia.

Usitundike kwenye mabati yako ile ahadi ya "hapana mtu atakayekushambulia ili kukudhuru". Hiyo ilikuwa ya Korintho. Listra Paulo alipigwa mawe mpaka wakadhani amekufa, na Filipi alichapwa bakora. Ya wote ni ile ya Mathayo 28, "mimi nipo pamoja nanyi siku zote", na haikutaja mawe. Tena Paulo huyohuyo aliwaandikia Wakorintho kwamba alikuwa kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi". Tumbo kukukoroga Alhamisi jioni hakuthibitishi kwamba uko peke yako. Hilo ndilo jibu la swali lako. Turudi chumbani.

Mnakuwa wangapi? Wakizidi wanane, gawanyeni siku. Zaidi ya wanane kwenye chumba kimoja cha kupanga ni mkutano, na mkutano una kelele hata mkinong'ona. Anzeni saa kumi na mbili na nusu, mmalize saa moja na nusu, taa ya nje iwake. Wimbo mmoja, bila kupiga makofi. Ukuta wa jirani ni tofali moja. Someni Marko kwa vipande, mistari kumi hadi kumi na tano, muulizane kinachosemwa kabla ya kuuliza kinatuambia nini. Wewe uongee kidogo kuliko wote. Usipige picha, na usiweke majina kwenye kundi la simu; anayekuja kwa siri atakwama siku simu yake itakaposhikwa na kaka yake. Ukimpelekea mgonjwa unga, Biblia ibaki nyumbani siku hiyo. Ukivipeleka pamoja, watasema unanunua watu, na sitakuwa na la kuwajibu.

Mawe yakipigwa, usitoke kufukuza vijana gizani. Asubuhi nenda kwa mzee wa mtaa na mtu mzima mmoja anayeheshimika, kisha kituoni kwa polisi mkachukue nambari ya OB, kitabu chao cha matukio. Si lazima afisa akupende. Galio, liwali aliyeletewa kesi ya Paulo huko Korintho, hakumpenda Paulo. Aliwafukuza washitaki kwa sababu kesi haikuwa kesi, kisha Sosthene, mkuu wa sinagogi, alipopigwa mbele ya kiti cha hukumu hakujali hata kidogo. Huyo Galio si wa hadithi: maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi yanamweka kwenye uliwali huo mnamo mwaka 51 au 52.

Kubwa kuliko yote, usimshinde mtu mbele ya watu. Unaikumbuka Jumamosi ile ya sokoni, baba yako na kipaza sauti, na yule muuza samaki aliyeuliza swali refu huku anayumba? Baba yako akamwambia: "Kamalize kwanza mnazi, ndugu, swali litakungoja." Soko zima likacheka. Wewe ulicheka, nami nilicheka. Mke wa yule mtu alikuwa anakuja kwetu Alhamisi kwa miezi minne. Alikuja mara moja tu baada ya hapo, kurudisha kitabu cha nyimbo, amekifunga kwenye leso kama chakula. Kiko kabatini mpaka leo. Mtu alikuwa amelewa kweli, sikatai, na swali lake lilikuwa la kuchokoza. Lakini lilikuwa swali. Sisemi baba yako alikosea. Ningependa kusema hakukosea, na hilo pia naliacha.

Ukidhani umekaa muda mrefu, hesabu ya Rabai, kule karibu na Mombasa, unaijua. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akawazika mke wake Rosine na kichanga chao ng'ambo ya kisiwa. Yeye na mmisionari mwenzake Rebmann walihamia Rabai mwaka 1846, na wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu, naye alikuwa karibu kufa. Rebmann alirudi Ulaya mwaka 1875 akiwa kipofu. Baba yako alikuwa akisema, "Mungu alikuwa nao," upesi, kama anayefunga mlango. Mimi nasema hivyohivyo, lakini polepole, maana namfikiria Rosine.

Kuhama au kutohama sikuamulii, ingawa unajua ulimi unaniwasha. Kama ni lazima, tafuta chumba mtaa uleule, mtu wa Alhamisi afike kwa miguu bila kupita stendi. Niambie kwanza: hiyo notisi umepewa kwa maandishi au kwa mdomo? Na risiti za kodi unazo zote?

Mama yako