Mkuu, usikate hata bomba moja kwanza

Mkuu, umesema mkopo umetoka, una mchoro wa kikaushio cha dagaa cha jua, na unataka kuchomelea 30 kwa mpigo kwa sababu skwea paipu za jumla ni nafuu. Simama hapo hapo.

Mimi nilichomelea 24, pale Nyakato, Mwanza, miezi minne, mkopo wote ukaishia humo. Mshauri mmoja kwenye semina alitukaririsha: zalisha vingi, gharama ya kimoja inashuka. Inashuka kweli, akiwepo wa kukinunua! Yule bwana hajawahi kukanyaga mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, alfajiri, na alilipwa kutufundisha. Linaniuma mpaka leo.

Nilivipeleka mwalo wa Igombe. Mama wa kwanza akaja na ndoo ya dagaa wabichi, mikono yote miwili imeshika, na mlango wangu una kitasa. Akatua ndoo, akafungua, akavuta trei, akamimina. Ndoo moja ikajaza trei tatu kati ya nne. Nyuma yake zimepangana ndoo kumi na moja, maana wakati wa giza, zile siku zisizo na mbalamwezi, mitumbwi hurudi na mzigo kwa pamoja. Akanigeukia: "Mwanangu, hawa wengine niwaweke wapi?" Bado kugeuza dagaa: kwenye chanja, ile meza yao ya kuanikia, anapitisha mkono tu, kwangu avute trei moja moja. Asubuhi moja, mama mmoja, makosa yote nje. Na nilikuwa nimeshayarudia mara 24. Vingi niliviuza chuma chakavu, kwa kilo.

Baadaye ndipo nikasoma kwamba Taiichi Ohno wa Toyota alitaja aina 7 za upotevu, na kuzalisha kupita mahitaji aliona ndio mbaya kuliko zote. Na Altshuller, yule mhandisi wa Kisovieti aliyeanza kuchambua hataza (hati za uvumbuzi) mwaka 1946, anakutaka utafute mkinzano kwanza, yaani mahitaji mawili yanayopingana. Wetu ni huu: kina mama wanataka eneo kubwa jua likiwaka, dogo mvua ikija. Kanuni yake ya kwanza kati ya 40 za uvumbuzi ni kugawa kitu vipande. Kwa hiyo sasa natengeneza vifuniko vya plastiki vya mita mbili mbili, juu ya chanja walizonazo. Cha kwanza kilikuwa cha fito. Nilikaa nacho mwaloni giza zima. Mama akanirekebisha mara tatu, hasa matundu ya kutoa mvuke, maana dagaa walikuwa wanalainika. Ndipo nikatengeneza viwili.

Fito, plastiki, giza moja. Ukirudi, tuandikie mama alisema nini.