Chuma cha Vitumbua Kilichoshika Kutu

SWALI: Mhariri, marehemu mama aliniachia chuma cha vitumbua cha matundu saba, kizito na cheusi tii, ambacho kwa miaka yote hakikuwahi kung'ang'ania kitumbua. Mwezi uliopita msaidizi wetu wa nyumbani alidhani ni kichafu, akakisugua kwa stiliwaya mpaka kikawa cha kijivu, kisha akakiacha ndani ya beseni la maji usiku kucha. Sasa kina kutu, na vitumbua hukatika kila nikivigeuza. Je, nikitupe?
Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana dada yetu, na tafadhali usikitupe. Weusi ule uliodhaniwa kuwa masizi ulikuwa ni mafuta, ambayo kila yalipopata moto mkali yalikauka na kushikamana na chuma, yakawa gamba jembamba na gumu. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, hushika kutu upesi kisipokuwa na gamba hilo. Lililotoka ni gamba. Chuma chenyewe ni kizima.

Anza na kutu. Changanya siki na maji kwa kipimo sawa, jaza matundu, subiri nusu saa, kisha sugua kwa stiliwaya, ambayo hapa ndipo inapofaa. Usikilaze na siki, kwa kuwa ikimaliza kutu huanza kula chuma. Suuza, futa, kisha kiweke juu ya moto mdogo mpaka unyevu wote utoke.

Kikiwa bado na joto la kushikika, kipake mafuta ya alizeti kwa kitambaa cha pamba, ndani ya kila tundu, ubavuni na mgongoni. Halafu chukua kitambaa kikavu uyafute kana kwamba hukukusudia kuyapaka. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu mafuta yakituama chini ya tundu hayakauki sawasawa, bali huwa kama ulimbo unaonata vidoleni. Kifudikize katika oveni yenye nyuzi 230 kwa saa moja, ukiache kipoe humo humo. Asiye na oveni atandaze mkaa, afungue madirisha, akigeuze mpaka moshi uishe. Rudia mara tatu au nne, nawe utaona kijivu kikigeuka kahawia, kisha nyeusi.

Baada ya kila upishi, sukari iliyogandia ilainishe kwa maji ya moto kidogo. Sabuni kidogo ya maji haidhuru. Kinachodhuru ni kukiloweka. Usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto, kwani chaweza kupasuka. Kwa hewa ya bahari mliyo nayo huko Tanga, kikaushe jikoni na ukipake mafuta kabla ya kukiweka kabatini.

Kazi hii ifanye pamoja na msaidizi wako, ajionee gamba linavyojengeka. Vitumbua vya kwanza vikishika kidogo, vitoe taratibu, futa tundu, tia mafuta, na uendelee kupika.